Nilipokwenda Jehanamu Kumwulizia Wifi Yangu

Nilikwenda jehanamu kwa sababu ya wifi yangu Zainabo, na nilikwenda nikiwa nimelala kitandani kwangu Palma, huku kwetu Msumbiji, malaria imenishika sawasawa. Wenye elimu ya dini wanisamehe. Nasimulia nilichokiona kwenye homa, simfundishi mtu.

Sababu yenyewe ni ya aibu. Zainabo, dada wa mume wangu, alisaga pilipili kwenye jiwe langu la msiro, ule mti tunaousaga na maji kidogo tukajipaka usoni ngozi ilainike. Hakulisafisha. Ijumaa nikasaga msiro wangu, nikajipaka uso mzima, nikaketi uani kungoja ukauke. Sikungoja sana. Mbele ya majirani nilimwambia aende jehanamu asirudi. Alikunja kanga zake akapanda boti ya kisiwa cha Macaloe, kwa mama yake mdogo. Siku ya tatu homa ikanipanda, na lile neno likaanza kunikaa rohoni. Kwetu mtu akiondoka duniani hamjapeana radhi, unabaki na mzigo huo peke yako. Nikajiuliza, je, kama amekwenda kweli?

Saa nne asubuhi nikajikuta juu ya pikipiki. Dereva hakuuliza njia. Alisema barabara ya kule ni nzuri kuliko zetu, haina shimo hata moja, maana abiria ni wengi. Alinishusha getini akageuza papo hapo. Hangoji mtu wa kurudi, alisema, hajawahi kumpata.

Niliwahi kupika kwa mkataba Afungi, kwenye kambi ya kampuni ya gesi, kwa hiyo mageti nayajua. Mlinzi wa huku naye alivaa kofia ngumu, na pembeni yake palikuwa na kibao kikubwa kinachokataza kuvuta sigara. Nyuma ya kibao moto ulikuwa unawaka hadi upeo wa macho. Nilipomwuliza, alisema kibao alikikuta, na hawezi kukiondoa bila barua.

Kijana wa mapokezi alitaka declaração, ile barua ya bairro, yaani ya mtaa, inayosema mtu anakaa wapi. Nikamweleza kwamba sihamii, namwulizia mtu tu. Akaniambia niketi, mwenzake amekwenda kula na daftari.

Adhuhuri mama mmoja wa Mueda, jina lake Rosa, alinikaribisha barazani kwake akanipa chai. Niliomba maji baridi, akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Maisha si mabaya, alinieleza: kuni hazikatwi, mkaa haununuliwi, nguo zinakauka kabla hujazianika. Muuza barafu akapita na vifuko vya maji yanayochemka, na watu wakanunua. Majirani walisalimiana kwa kuambiana kwamba leo afadhali kuliko jana. Mama Rosa akaninong'oneza kwamba wanasema hivyo kila siku. Ugomvi wao mkubwa ni kivuli. Hakuna kivuli, lakini wanagombania pale ambapo kingekuwepo. Kisha akanionyesha mkeka mpya uliokunjwa ukutani, akasema ni wangu nikiutaka. Chai ikanishinda.

Alasiri daftari likarudi. Kijana akapekua kurasa, akanyanyua macho.

"Zainabo wa Macaloe hayupo, sinhora."

"Nilimtuma mwenyewe."

"Anayetumwa na wifi yake hafiki huku. Tungewapokea hao tungekosa pa kusimama. Anayefika ni aliyetuma."

Niliuliza naondokaje. Alisema mpaka Zainabo mwenyewe aje kunitoa. Nikamwambia yuko kisiwani na hanisemeshi. Akafunga daftari taratibu, kwa adabu. Hapo niliogopa kweli, mimi ninayejifanya mwanamke wa maneno. Nikaanza kumwita Zainabo kwa sauti ambayo sijawahi kumwitia mtu.

Nilizinduka jua likiwa bado dirishani. Mume wangu alikuwa ameshaninywesha dawa, na kitambaa cha maji kilikuwa usoni pangu. Aliyekishika ni Zainabo. Alikuwa ameingia muda ule, kanga yake ingali mbichi kwa maji ya bahari.

"Wifi, nipe radhi," nikasema. "Nilikutuma pabaya."

Alikikamua kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mimi nilikutuma mara tatu," akasema. "Pale kwenye boti, tena kwa jina lako na la baba yako. Walipopiga simu kwamba hujitambui, nikajua umefika."

Akalia. Nami nikalia, halafu tukaanza kucheka, mume wangu akachungulia mlangoni akadhani homa imetupata wote wawili. Tulipeana radhi pale pale, kila mmoja akimkatiza mwenzake.

Nilichojifunza safari hii ni kidogo. Kumpeleka mtu jehanamu kunataka neno moja tu, kumtoa kunataka mtu avuke maji. Zainabo alivuka. Mimi, nasema kweli, sijui kama ningevuka.