Puto Lenye Pumzi ya Baba

Enzi zetu pale Balangdalalu, tulipokuwa bado tunaandika "Mkoa wa Arusha" kwenye majalada ya madaftari, puto halikuwa kitu cha kupasua ukacheka. Lilinunuliwa mnadani Katesh, moja tu, na likifika nyumbani lilitunzwa. Siku nyingine tulipuliza kibofu cha mbuzi, kama kuna jirani aliyechinja, tukakipiga teke mpaka kikauke. Watoto wa siku hizi ukiwaambia habari za kibofu wanashika pua. Shauri yao.

Mwaka ninaousimulia milango ya biashara huria ilikuwa imefunguliwa, mitumba imejaa minadani, na kila mwanaume mwenye nguvu alikuwa akizungumzia machimbo ya tanzanite kule Mererani. Kwetu mvua ilikata mapema, mahindi yakakaukia usawa wa magoti. Baba naye akaaga kwenda huko. Asubuhi ya kuondoka alipuliza puto jekundu mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, akalifunga kwa uzi, akalitundika kwenye boriti ya jikoni.

"Paskalina," akaniambia, "hii ni pumzi yangu. Kabla haijaisha nitakuwa nimerudi."

Nilikuwa darasa la tano, na mimi nikiambiwa kitu nakishika. Sidhani kama baba alijua amesema neno zito kiasi gani.

Niliona la kufanya ni kulipima. Kila asubuhi, nikishatoka kuchota maji, nilizungusha kamba ya katani kwenye tumbo la puto, nikafunga fundo pale ilipokutana, nikaenda nayo shuleni, ambako wote nilikuwa nimeshawaeleza neno la baba. Mwalimu wetu wa hesabu, Mwalimu Semkiwa, alikuwa mgeni kutoka Tanga, mtu wa kuvaa makoti mawili na kuulalamikia upepo wa Mlima Hanang. Badala ya kunicheka alichora mistari miwili kwenye kona ya ubao: siku zinakwenda kulia, unene wa puto unapanda juu. Kila siku nukta moja, na ole wake atakayefuta. Akatueleza kwamba mpira uliovutwa huibana hewa, hewa nayo husukuma itoke, na hata ufunge vipi hupenya kidogo kidogo. Ndiyo maana siku ya kwanza puto hukataa kidole na baadaye hubonyea kama kiazi kilichoiva.

"Tukiunganisha nukta," alisema, "tutajua litaisha lini."

Akaunganisha. Mstari ulishuka ukagusa chini kabla hata ya shule kufungwa. Darasa zima likanigeukia. Mwalimu alibaki ameshika chaki, nadhani alitamani asingechora.

Jioni ile mama aliniwekea ugali na maziwa ya mgando, chakula ambacho huwa simwachii mtu, nikabaki nakichezea. Nikamweleza habari za mstari.

"Mstari wa mwalimu wako haumjui baba yako," alisema, akaendelea kuosha kibuyu.

Kesho yake puto lilikuwa limenenepa. Nilipima, nikapima tena. Kamba ilipitiliza hata fundo la siku ya kwanza! Nilikimbia mpaka shuleni bila kunywa uji.

"Shikamoo mwalimu, limeongezeka!"

Mwalimu Semkiwa aliinyoosha kamba, akaitazama, halafu akanitazama mimi. Puto haliongezeki lenyewe. Alikuwa ametufundisha hivyo juzi tu.

"Marahaba," alisema mwishowe. "Unajua, hewa ikipata joto hutanuka. Jua la jana lilikuwa kali." Akaiweka nukta yangu juu kabisa.

Jana yake kulikuwa na ukungu kutwa nzima, tulisoma tukitetemeka. Darasa lote lilijua. Hata Tluway, ambaye hakukosa neno la kumuudhi mtu, aliinamia dawati lake. Nawapenda wale watoto mpaka leo.

Kuanzia hapo nukta zetu zilipanda na kushuka kama barabara ya kwenda Mbulu, na mwalimu hakuunganisha tena. Baba alirudi shule zimeshafungwa. Alikuwa amekonda, ana koti la mitumba begani, mawe hakupata. Aliinama mlangoni pa jiko, akaliona puto limekuwa jeusi kwa moshi.

"Kumbe mliliongezea upepo?"

"Hapana baba, ni pumzi yako ileile."

Mama alikuwa anasonga ugali. Hakuinua kichwa.

Siku hizi ni Mkoa wa Manyara, na wanangu baba yao akisafiri wanamwona kwenye simu mpaka anachokula. Mtandao ukikatika kidogo tu wananuna kana kwamba wameonewa. Maputo ya sherehe wanayajaza kwa pampu, yakilegea wanayatupa. Siwaonei wivu, lakini nawahurumia. Hawajawahi kumsubiri mtu wakiwa hawana la kushika ila ahadi yake.

Juzi mama alikuja kunitembelea. Nilikuwa nimeshaelewa zamani nani alikuwa akifungua ule uzi nikienda kuchota maji, lakini sikuwahi kumshukuru. Nikamshukuru. Nikamwambia bila yeye ningekata tamaa.

Aliniangalia kama bado niko darasa la tano.

"Wewe ungelia, ukalala," alisema. "Kwani ulidhani nilikuwa nakupulizia wewe?"