Bibi Alisema Hasrat, Nikasikia Hasira

Miezi mitano nilimtunza bibi mmoja wa Kihindi, mjane, nyumbani kwa bintiye huku Missouri City, Texas, na siku zote hizo niliamini ananichukia. Nikishamwogesha na kumlisha, aligeukia dirisha akasema neno moja tu: "Hasrat." Kiingereza hakuwa nacho. Mimi nikasikia hasira. Ala! Hasira za nini tena, mama wa watu? Nimetoka shifti nyingine kule Pearland, miguu imevimba, nimekuja moja kwa moja kukukanda mgongo, na bado umekasirika? Kweli shukrani ya punda ni mateke. "Hasira hasara, bibi," nilimjibu kwa Kiswahili, nikafunga kabati kwa kishindo.

Mwishowe nilimwambia bintiye naacha kazi, mamako hanitaki. Akaniuliza amesema nini. Nilipolitamka lile neno, akaketi kitandani.

"Hajakasirika," akasema. "Ukitamani chai, hiyo si hasrat. Hasrat ni kutamani kitu huku unajua hutakipata."

Mamake alitaka kumwona dadake kule Lucknow, na daktari alikuwa amemkataza ndege. Neno lenyewe, akasema, lilitoka kwa Waarabu, ambao kwao ni majuto, likapitia Uajemi ndipo likafika kwao. Nikamwambia letu pia lilitoka kwa Waarabu hao hao, ila lilipofika pwani yetu likawa ghadhabu. Nilikuwa nimechoka, hata kushangaa sikuweza.

Sikuacha kazi. Lakini neno nalo halikuniacha.

Mama yangu yuko Kitale, na kwa miaka miwili alikataa kuongea nami kwa simu. Dada yangu akiniambia, "Mama ana hasira na wewe," nilijibu, basi na awe nazo, hata mimi nimechoka. Ningefanyaje? Makaratasi yangu ya uhamiaji hayajatoka mwaka wa tisa huu. Nikitoka Texas, sirudi.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, nilimpigia dada nikamwomba ampe Mama simu kwa nguvu.

"Mama, bado una hasira?"

"Ninazo."

"Zitaisha lini?"

"Siku utakayoingia hapa jikoni."

Nilitaka kumweleza tena habari ya makaratasi. Nikaacha.

"Mama," nikasema, "hata mimi ninazo."

Akaniuliza kama nimekula.