Kichurachura

Harufu ya pumba za mpunga zikiungua ikinifikia popote, mimi hurudi utotoni, hata sasa nikiwa mtu mzima na watoto wangu. Banda la video pale Chimala lilipakana na mashine ya kukoboa, na moshi wa pumba ulitufuata mpaka kwenye mabenchi.

Nilikuwa na miaka saba. Dada yangu Neema, aliyekuwa amemaliza kidato cha sita, alinipeleka mchana mmoja kuangalia filamu ya vichekesho vya jeshini. Askari wanawake wa filamu ile walipaka rangi ya mdomo katikati ya gwaride, wakakimbia panya, wakaangukia tope makalio juu. Mtafsiri wa pale bandani, mtu asiyejua kunyamaza akishika maiki, akaongeza chumvi: "Kuruta! Kichurachura, mpaka ugeuke chura!" Banda zima likaangua kicheko. Nami nilicheka mpaka machozi, kisha nikakumbuka kwamba Jumatatu Neema alikuwa anakwenda kambini kwa mafunzo ya jeshi.

Hapo nikaogopa kwelikweli. Vyura walijaa majaruba yote ya mpunga ya kwetu. Ningemtambuaje dada yangu kati yao? Kila walipolia nilitega sikio, nisikie kama kuna anayeita jina langu.

Jumatatu asubuhi niliiba barua yake ya kuitwa kambini, nikaifukia kwenye lundo la pumba nyuma ya mashine. Mama alipekua nyumba nzima. "Bila barua watakurudisha, mwanangu," alisema, sauti ikimkatika. Neema akanigeukia, akaniuliza kama nimeiona. Nikaanza kulia, nikasema yote, hata habari ya chura.

Hakunipiga. Alichuchumaa uani, akashika masikio, akaruka kutoka mlangoni hadi jikoni, sketi yake ya safari ikiburuza vumbi.

"Kichurachura ndiyo hii, mdogo wangu. Ni adhabu tu. Nimegeuka?"

"Hujageuka."

"Mbona leo hucheki tena?"

Nikamwambia naogopa. Akanikumbatia, akasema hata yeye anaogopa. Nilidhani anaogopa kugeuka chura. Tukaenda pamoja kuifukua barua, na mchana akapanda basi.

Ilinichukua miaka kulielewa swali lake. Chura nilimwogopa mimi. Neema aliogopa kile kicheko cha bandani, kuchekwa kama wale askari wanawake, na aliyekuwa amekaa ubavuni pake, akicheka mpaka machozi, nilikuwa mimi.