Jina Langu Chini ya Hadithi

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, na hasira yake bado ninayo. Usione nimezeeka ukadhani nimesahau. Tulikuwa tukikaa mtaa wa Pasiansi, chumba kimoja na ua wa kuanika nepi, na kaka yako mkubwa alikuwa hata shingo haijakaza. Nilikuwa nikiandika hadithi katika gazeti dogo la vijijini, lile walilosomea watu wazima waliotoka kujifunza kusoma. Mtoto akilala, naandika. Akiamka, nampa ziwa huku karatasi iko juu ya ubao wa kukatia mboga. Ndivyo nilivyoimaliza hadithi ya wanawake wa kijiji cha ujamaa waliochota maji ya kujengea shule, kisha mkutanoni wakaambiwa wakae nyuma.

Bibi yako, mama mkwe wangu, alikuwa amekuja na meli kutoka kisiwani, Nansio, kunisaidia uzazi. Alijifunza kusoma ukubwani, kwa gazeti hilohilo, na kila likitoka alilisoma kwa sauti, kidole kikitangulia. Siku hiyo alifika mwisho wa hadithi yangu, akarudisha kidole, akasoma tena.

"Mbona hapa wameandika jina la mwanangu?"

Nikalichukua gazeti. Kweli. Maneno yangu, jina la baba yako. Naye jioni akarudi kutoka kiwanda cha pamba anachekelea, eti wenzake wamemwita mwandishi siku nzima. Nikamuuliza aliwajibu nini.

"Ningewajibu nini? Si ya kwetu sote?"

Mtu huyo hajawahi kuandika hata barua ya kumsalimu mama yake.

Nilikuwa nimechoka, nikasema basi, yaishe, mtoto bado mchanga. Bibi yako akanigeukia kwa ukali ambao sikuwahi kuuona kwake. "Yaishe kwa faida ya nani? Kesho vaa, tunakwenda."

Tukaenda ofisi ya gazeti, mtoto mgongoni kwa bibi yake. Mhariri alikuwa kijana msomi, mpole. Alimwamkia bibi shikamoo, akatupa viti.

"Ndugu, tulikusitiri tu," akaniambia. "Watu wangeuliza, mama ananyonyesha, mtoto analelewa na nani? Wewe pumzika kwanza."

Alisema kwa huruma kabisa, na huruma hiyo ndiyo iliyonichoma. Yeye alikuwa na watoto wake nyumbani, na hakuna aliyewahi kumuuliza nani anawalea.

Bibi yako alimwacha amalize. "Siku zote mmenihimiza nisome, baba. Nimesoma. Mtoto huyu hapa, namlea mimi. Sasa wakiniuliza Nansio hadithi hii kaandika nani, niwaambie uongo niliousoma kwenu?"

Mhariri akachukua kalamu, akaandika jina langu. Toleo lililofuata walisahihisha, kwa herufi ndogo, chini ya tangazo la mbegu. Bibi yako akakikata kipande hicho kwa mkasi, akakibandika ukutani kwa uji, palepale baba yako alipokuwa akitundika shati. Kila asubuhi baba yako alilisoma jina langu kabla hajavaa.

Sasa jana kwenye simu unaniambia kitabu chako atakimalizia mwenzako wa ofisini, na jina lake litatangulia, kwa sababu umejifungua na wanakuonea huruma. Nimekasirika hadi chai imenishinda. Miaka yote hii, na maneno ni yaleyale.

Nisikilize, mwanangu. Anayetaka kukusaidia mpe mtoto ambebe. Mpe nepi afue, mpe sufuria asugue, umshukuru. Akivikataa hivyo vyote akataka kazi yako tu, huyo hakuhurumii. Na wewe usiseme yaishe kwa sababu ya uchovu. Uchovu wa uzazi hupita, lakini jina lililofutwa utalidai mpaka uzeeke.

Mungu akupe maziwa ya kutosha, akupe mtoto mwenye usingizi mzuri wa mchana, na mkono wako usichoke kuandika. Waambie hao wa ofisini wasubiri. Kesho alfajiri napanda basi stendi ya Nyegezi kuja huko Dar, na mbeleko nimeshaiweka kwenye mfuko.