Damu ya Kondoo wa Maabara

Niliichukia Garissa kabla sijafika, na nilipofika sikuona sababu ya kubadili mawazo. Nilikuwa nimesomea vimeng'enya, zile kemikali zinazotolewa na vijidudu na kutumiwa viwandani kulainisha ngozi na kuondoa madoa kwenye nguo. Nilitaka kubaki Nairobi, nizunguke viwanda vya ngozi, nivae tai. Mkubwa wangu, ambaye nilimpinga mbele ya wageni mara moja tu maishani, akanitafutia kazi nyingine: kuchunguza usugu wa vijidudu kwa dawa huko Kaskazini Mashariki. Alitabasamu aliponikabidhi barua. Siku ya kwanza mjini, mwenye duka niliyenunua kwake maji aliniuliza nimetoka Kenya lini. Nikamwambia hapa pia ni Kenya. Akanirudishia chenji.

Kituo chetu kilikuwa vyumba viwili nyuma ya wodi, paa la mabati, feni moja iliyozunguka ikipenda. Wodi iliongozwa na afisa wa tiba, mzee wa pale pale Garissa, ambaye watu wote walimwita daktari. Sikumpenda. Alimtibu kila mtu kwa penisilini kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye stoo, na alipoona vifaa vyangu aliuliza kama vinaweza kuchemsha chai. Langoni alikaa mlinzi, mfugaji kutoka upande wa Diff aliyeingia mjini na familia yake baada ya ukame kumaliza mifugo. Huyo sikumchukia wala kumpenda. Sikumwona kabisa.

Kazi yangu ilikuwa kuchukua makohozi, usaha na mkojo wa wagonjwa, kuvipaka kwenye sahani za chakula cha vijidudu, kisha kuona ni dawa gani inaviua. Chakula hicho huchanganywa na damu. Damu ya watu niliikataa, kwa sababu watu wa pale walikula vidonge ovyo na dawa ingebaki ndani yake ikaharibu majaribio. Nilijiona mjanja sana kwa hilo. Nikanunua kondoo, mwili mweupe kichwa cheusi, nikamfunga kivulini nyuma ya maabara na kumwambia mlinzi amlishe. Kila Jumatatu asubuhi nilimtoboa mshipa wa shingo na kujaza chupa.

Mara ya kwanza mlinzi alisimama akitazama mpaka nikamaliza. Hata mimi aliniita daktari.

"Daktari, hii damu nabeleka wabi?"

"Ndani. Ya kupikia chakula cha vijidudu."

"Astaghfirullah. Na shingo yake? Hii tundu ya shingo itakuwaje? Sisi kwetu..."

"Kazi yako ni lango," nikamwambia. Akarudi langoni.

Baada ya miezi michache nilikuwa na matokeo ya kunivimbisha kichwa. Karibu kila kijidudu kilichoota kwenye sahani zangu kilikuwa sugu kwa penisilini. Hakuna aliyewahi kuripoti jambo kama hilo kutoka eneo lile. Niliandika ripoti ndefu, na Nairobi wakaisoma, na kabla ya mvua kunyesha waraka ukasambazwa kwenye zahanati mpaka Eldas na Kutulo: penisilini isitegemewe tena. Nilibandika nakala yangu ukutani, mahali ambapo daktari angeiona kila akipita.

Kulikuwa na jambo moja ambalo sikuliandika. Kila maabara hutunza kijidudu cha kupimia, ambacho kazi yake ni kuota tu, ili ujue sahani zako ni nzima. Changu kilikataa kuota mara mbili. Nikalaumu joto, nikalaumu umeme, nikakitupa na kuendelea.

Kisha binti wa mlinzi akaugua. Alikuwa mtoto wa miaka minane hivi, na kichomi kilimbana mpaka mbavu zikawa zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Daktari alimlaza na kuagiza penisilini. Mlinzi alitoka wodini akaja moja kwa moja kwangu, mara ya kwanza kuingia ndani ya maabara. Alivua viatu mlangoni.

"Daktari wa wodi anasema benisilini. Watu wanasema wewe umebima, umesema hiyo dawa imekufa. Mtoto ni wangu. Achomwe ama asichomwe?"

Wakati ule ndio ningeweza kusema sina hakika. Badala yake nilimwonyesha waraka ukutani, ambao hakuweza kuusoma, nikamwambia asichomwe. Dawa nzuri zaidi ingekuja na gari letu kutoka Nairobi, siku msafara wa polisi ukipatikana wa kulisindikiza. Alinishukuru. Akarudi wodini, akakaa kitandani kwa mtoto na kumzuia kila aliyekuja na sindano, asubuhi hiyo na mchana wote.

Daktari aliingia kwangu baada ya swala ya adhuhuri, uso umekunjamana.

"Gari lako liko wapi?"

"Linakuja."

"Liko wapi?"

"Sijui."

"Mimi nimechoma hiyo dawa mtoto wa kichomi tangu wewe uko shule ya msingi. Wanapona. Sasa wewe na kondoo yako mnaniambia hawaponi?"

"Soma waraka," nikasema. "Ukimchoma na akafa, utajieleza mwenyewe."

"Wallahi, nitajieleza," akajibu, akatoka. Nilimsikia akibishana na mlinzi kwa Kisomali, sauti juu, mpaka mlinzi akampisha. Alimchoma.

Nimeahidi nafsi yangu kwamba nikiandika habari hii sitajipaka rangi, kwa hiyo nasema: siku mbili zile nilikwenda wodini mara nyingi kutazama karatasi ya joto la yule mtoto, na nilitaka joto lisishuke. Sikutaka afe. Nilitaka tu adhoofike kiasi cha kumwaibisha yule mzee. Siku ya tatu mtoto aliketi akaomba maziwa ya ngamia. Wanawake wa wodi nzima walisema Alhamdulillahi, na mimi nikapandwa na hasira.

Nilirudi kuangalia sahani nilizokuwa nimepaka makohozi yake kabla hajachomwa. Zilikuwa tupu. Mtoto alikuwa nusura afe, kifua kimejaa usaha, na kwenye sahani zangu hakukuwa na doa hata moja. Nikatoka nje kwa mlango wa nyuma nipate hewa. Ilikuwa alasiri. Mlinzi alikuwa amepiga magoti kando ya kondoo, bomba la sindano mkono mmoja, chupa ya dawa nyeupe kama maziwa mkono wa pili.

"Unafanya nini?"

"Namdunga," akasema, kama mtu aliyeulizwa kwa nini anamnywesha maji. "Mnyama akitobolewa shingo lazima adungwe, kila siku, mbaka tundu ifunge. Na wewe unatoboa tena kabla haijafunga. Hii ni kondoo ya serikali. Ikikufa, nitasema nini?"

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Nikachukua chupa mkononi mwake. Ilikuwa penisilini ya mifugo, ile inayouzwa sokoni, na alikuwa akiinunua mwenyewe. Damu yote niliyotumia ilikuwa na penisilini. Kila kijidudu dhaifu, hata kile changu cha kupimia, kilikufa papo hapo kwenye sahani, na vilivyobaki kuota vilikuwa vile sugu tu. Ningejaribu hivyo Nairobi, Mombasa au popote, ningepata jibu lile lile.

"Kwa nini hukuniambia?" nikafoka.

"Nilitaka kukwambia. Ulisema kazi yangu ni lango."

Niliandika barua ya kufuta ripoti siku iyo hiyo, na hilo ndilo jambo la pekee nililolifanya kwa haraka inayostahili. Lakini niliandika hivi: kwamba mlinzi wa kituo alimpa kondoo dawa kwa siri, bila idhini, na kwamba mimi niligundua. Kijidudu cha kupimia sikukitaja. Daktari aliomba kuiona nakala. Alisoma amesimama, miwani kwenye ncha ya pua.

"Kwa siri?" akauliza. "Mchana, mbele ya wodi yote? Mimi mwenyewe nilimwona."

"Basi ungesema wewe."

"Ungeniuliza. Futa hilo neno."

Nikamwambia barua imeshaondoka, na ilikuwa kweli. Angeweza kuniambia niandike nyingine. Hakuniambia. Tangu siku hiyo hakunisemesha tena ila kwa shughuli za wagonjwa.

Nairobi walifuta waraka. Mkubwa wangu alinisifu kwa uangalifu, na mwaka uliofuata nikarudishwa Nairobi kwenye kazi ya vimeng'enya niliyoitaka. Mlinzi alifutwa kazi kabla mwezi haujaisha. Ningeweza kuandika barua ya pili, ya mistari minne. Karatasi nilikuwa nayo, wino pia.

Aliondoka na familia yake kurudi upande wa Diff kwa lori la mizigo. Asubuhi hiyo alikuja kituoni kuaga, akampa mkono daktari, wauguzi, na mwanamke wa kufagia. Mtoto alitembea kwa miguu yake, ameshika kanzu ya mama yake. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa maabara. Mtoto alinitazama, akaninyooshea kidole, akamuuliza baba yake jambo kwa Kisomali. Baba akamjibu kwa Kiswahili, polepole, ili na mimi nisikie.

"Huyu ndiye mimi niliuliza kwanza, uchomwe ama usichomwe."