Mwenye Nyumba Aliyempenda Kalunguyeye Wetu

Admin, jina langu lifiche na ofisi yangu usiitaje, mji wenyewe huu mdogo. Mimi ni mwanamke wa miaka 32, mjane, nina binti mmoja wa miaka sita, tumwite Lulu. Naandika nikiwa na hasira na kichefuchefu, kwa hiyo nikichanganya maneno mnisamehe. Na watakaonitukana, nitawasoma pia.

Tulikuja Babati kutoka Singida miezi miwili iliyopita. Nashikilia nafasi ya mwenzetu aliye likizo ya uzazi, miezi mitatu tu, kisha narudi kwetu. Shida haikuwa kazi, shida ilikuwa Kitana. Kitana ni kalunguyeye, yule mnyama mdogo wa miiba anayejikunja kama mpira ukimgusa. Marehemu mume wangu alimwokota shambani akiwa mdogo, mguu umekatwa na jembe, akamletea Lulu. Baba yake alipofariki, mtoto akawa hapati usingizi mpaka amsikie Kitana akikwaruza kwenye boksi lake. Sasa ningemwacha Singida kwa nani?

Haya, tafuta chumba cha miezi mitatu Babati uone. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita, na ukimpata wa mitatu, akichungulia kwenye boksi anabadilika sura. Gesti moja waliniambia hawapokei mifugo. Nikasema huyu si mfugo, wakasema basi ndiyo mbaya zaidi. Kule Sigino baba mmoja mwenye maduka alikuwa ameshanikabidhi ufunguo. Alipomwona Kitana akaunyakua mkononi mwangu na kuanza kukemea mapepo hadi majirani wakatoka nje. "Toka na uchawi wako," aliniambia, mtoto anasikia. Dalali naye akaniacha palepale. Dereva wa bajaji ndiye aliyetuonea huruma, akatupeleka Maisaka kwa mama mmoja anayemfahamu.

Huyo mama nitamwita Mama Neema. Mtu mzima, kiongozi wa akina mama kanisani, hujamaliza shikamoo yeye ameshakujibu Bwana asifiwe. Nilimfunulia boksi nikiwa nimejiandaa kufukuzwa tena. Akachungulia, akatabasamu, akasema, "Huyu hana neno, mwanangu. Karibuni nyumbani." Nililia. Akaongeza kwamba miiba ikidondoka yenyewe nimwokotee, ana kazi nayo.

Nisiwadanganye, nilijua kazi gani. Hata kwetu wapo wanaoamini kwamba mwiba wa kalunguyeye ukiuweka kwenye droo ya duka, wateja wanamiminika. Nikajisemea imani yake inanihusu nini, na miiba yenyewe si inadondoka tu. Nikawa nampa, minne, mitano, nimeifunga kwenye karatasi, Lulu akiniona.

Lulu akitoka shule anashinda kwa Mama Neema mpaka nitoke kazini. Wiki ya saba hivi nikaona Kitana hali panzi wake, ukimgusa analia. Mtoto naye amenyamaza tu. Nikadhani ni mnyama anabadilisha miiba, mambo yatakuwa sawa.

Jumatano iliyopita umeme ulikatika ofisini, tukaruhusiwa mapema. Nikapitia mlango wa nyuma. Mama Neema amekaa kwenye kigoda jikoni, Kitana yuko kwenye ungo, amekandamizwa na kitambaa, anang'olewa miiba kwa kibano cha nyusi. Mgongo una kipara na vidoa vya damu. Ungo ndio ule anaochambulia maharage tunayokula. Na kwenye kiti cha plastiki, akisubiri na bahasha ya zaka mkononi ya kutilia miiba, yuko yule baba wa Sigino. Yuleyule aliyekemea mapepo. Akanisalimia eti habari za kazi, dada.

Niliyoyasema siwezi kuyaandika hapa. Mama Neema hata hakupandisha sauti. "Usinipigie kelele kwangu," akasema. "Mnyama ni wako, umekuja naye, na miiba ulinipa kwa mkono wako. Tukitoka nje tukauliza mchawi ni nani, watamwonyesha nani?"

Kwa mtendaji wa mtaa siwezi kwenda, Kitana ni mnyama wa porini na kibali sina. Ofisini mimi mgeni, nikishapakaziwa uchawi nimekwisha.

Jioni ileile akina mama walikuja kusali sebuleni kwake. Akamwita Lulu, akamwekea kichwani mikono ileile, akamwombea awe mtoto mtiifu. Nilitoka nje nikatapika. Sisemi kwa mfano, nilitapika kweli, na mpaka leo nikisikia sauti yake akiimba tenzi asubuhi, chai hainishuki.

Usiku nikamuuliza mwanangu kwa nini hakuniambia. Akasema, "Bibi alisema wewe ndiye umemruhusu."

Nikamwambia si kweli, bibi amedanganya. Akasema, "Lakini mama, na wewe ulikuwa unampa."

Tangu siku hiyo Kitana analala ndani ya begi la shule la Lulu. Shule haendi, kazini nakwenda nimewafungia ndani wote wawili, jambo ambalo najua ni kosa jingine. Nimebakiza mwezi mmoja, na chumba kingine cha mwezi mmoja kinachompokea kalunguyeye bado sijakiona.

Mwenye kujua nyumba aniambie, nitashukuru. Mnaosema nimripoti yule mama au ninyamaze nilinde kazi yangu, nawasikiliza pia. Ila kuna moja naomba mnisaidie kwanza, hasa wenye watoto. Dawa ya vidonda vya Kitana nimenunua, iko mezani siku ya nne leo. Kila nikilisogelea lile begi, Lulu analikumbatia na kunigeuzia mgongo. Nimwambie nini mwanangu ili akubali nimpake?