Mizunguko Ishirini na Tisa

Nilianza kuwadharau wanaume wa kikao cha santuri siku ya kwanza walipoingia na viatu sebuleni kwetu, na sijaona bado sababu ya kuwaomba radhi. Walikuwa watano, ukimhesabu kaka yangu mwenye nyumba. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana walijipanga kwenye viti vya marehemu baba, hatua chache kutoka stesheni ya Kilosa, wakasikiliza santuri moja. Hawakuwa na ya pili. Upande wa kwanza, chai, upande wa pili, kisha mjadala, kama vile walikuwa bungeni na nchi nzima inawasubiri.

Santuri yenyewe ilikuwa ya bendi ya Wazungu wenye magitaa ya kelele, ya mwanzoni mwa miaka ya themanini. Kaka alipewa na mhandisi mgeni aliyekuja kutengeneza daraja la reli, ahsante ya kufufuliwa redio yake. Enzi hizo sabuni ilitaka foleni na kujuana, kwa hiyo kijana mwenye santuri mpya kutoka ng'ambo alitembea mjini kifua mbele. Wenzake waliifuata gramafoni ya baba kama nzi. Mkanda wa gramafoni ulikuwa umekatika kabla santuri haijapigwa hata mara moja, na madukani hakuna hata betri, kwa hiyo kaka alikata utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli, akauunga kwa solusheni ya kuzibia pancha, akaufunga. Sahani ikazunguka. Wakampigia makofi.

Baadaye wakaoa, wakapata watoto, santuri ikakaa juu ya kabati na vumbi lake. Ingekaa huko mpaka leo kama si kuja kwa enzi ya ruksa, milango ya biashara ilipofunguliwa. Maduka yalijaa, na kazi zikaisha. Kaka alipunguzwa kazi karakana ya reli. Mwenzake aliyekuwa karani wa shamba la mkonge upande wa Rudewa alipunguzwa naye. Wa tatu aliacha ukarani wa ushirika akawa anauza mitumba, na mitumba hiyo hiyo ndiyo iliyoniua mimi, kwa sababu nilikuwa mshonaji. Nani ashone gauni wakati gauni la Ulaya linauzwa kwa bei ya nyuzi zangu? Nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya ndoa kunishinda. Mke wa kaka alikuwa ametangulia mbele ya haki. Cherehani yangu ilikuwa inalisha watoto watano, watatu wake na wawili wangu, na ilikuwa inakaribia kushindwa. Katika hali hiyo wanaume wazima wakaamua kwamba kinachohitajika ni kuirudia santuri ya ujana wao.

Wa nne alikuwa mwalimu wa sekondari, msemaji wao. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili lilikuwa limesoma. Kwenye jalada kulikuwa na picha ya ngazi ya mbao imesimama katikati ya shamba bila kuegemea kitu. Ngazi hiyo ilijadiliwa Jumapili tatu. Mara ni kifo, mara ni ubepari, mara ni maisha ya mwanadamu. Mimi nilidhani ni ngazi.

Lakini hoja yake kubwa ilikuwa utulivu. "Sikilizeni," alisema, kikombe changu mkononi. "Bendi nyingine zinakimbilia noti kama zinafukuzwa. Hawa wanatembea. Mwimbaji anaongea kama mzee aliyeshiba." Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Hata kaka, aliyeyajua magitaa kuliko wote, alipiga nyimbo zile kwa mwendo huo huo mzito, na gitaa lake alikuwa amelilegeza nyuzi chini kufuata santuri. Vijana wa kwaya walipokuja kuliazima walilalamika kwamba halipatani na kinanda chao. Mwalimu aliwajibu kwamba kinanda chao ndicho kibovu.

Wa tano alikuwa mzee mstaafu, gadi wa treni. Huyo sikumdharau sana, nilimdharau kwa kuwa amekaa na wale. Alikuwa na saa ya mfukoni ya reli, na watu wa mtaani walirekebisha saa zao kwake. Hakuchangia mjadala. Alifumba macho kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, kisha akasema, "Nashukuru," akaenda zake.

Basi Mikumi kulikuwa na bwana mmoja ambaye zamani alikuja Kilosa kutuhutubia juu ya unyonyaji, ameshika ilani, jasho linamtoka. Upepo ulipogeuka naye akageuka, akafungua hoteli kando ya barabara kuu, na vibanda vya makuti kwa ajili ya watalii wanaotoka mbugani. Alikuwa anatafuta mpiga gitaa wa kuwaimbia wageni wakati wa chakula cha mchana. Akasikia habari za kaka, akamwita, akampa kaseti. Ilikuwa na nyimbo zile zile za santuri ile ile.

"Wageni wanazipenda hizi za zamani," alimwambia. "Jifunze kama zilivyo, uje Jumamosi ijayo. Ukizipatia, kazi ni yako, mshahara na chumba."

Kaka aliporudi na habari hiyo nililia mbele ya watoto, jambo nisilolizoea. Ada zao zilikuwa kwenye kaseti ile.

Jumapili akaipeleka kikaoni. Nilikuwa mlangoni na birika. Nyimbo zilitoka mbio. Yule mzee aliyeshiba alikuwa kijana aliyekanyaga kaa la moto, magitaa yanalia juu, ngoma zinamsukuma kwa nyuma. Walisikiliza wimbo mmoja na nusu, mwalimu akaizima.

"Feki," akasema.

"Feki tupu," akasema muuza mitumba. "Siku hizi kila kitu feki. Betri feki, nyembe feki. Hii wameivuta ili ienee kwenye kaseti fupi."

Mtu anayeuza shati lenye jina la mwenyewe wa kwanza bado limeandikwa kwenye kola, ndiye hakimu wa vitu halisi! Kaka alikuwa anaitazama gramafoni.

Jumanne adhuhuri, watoto wako shule, nilimwona akichukua punje ya mchele kwenye ungo wangu. Aliiweka juu ya karatasi ya katikati ya santuri, akawasha gramafoni, akainama na saa ya mkononi, midomo ikichezacheza. Akarudia. Akarudia mara ya tatu.

"Ngapi?" nikamuuliza.

"Ishirini na tisa kwa dakika."

"Inatakiwa ngapi?"

Akanionyesha kwa kidole kwenye karatasi: thelathini na tatu na ushei. Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Cherehani ya miguu nayo ina mkanda, na mkanda ukikaza kupita kiasi unaikanyaga mashine kama unapanda mlima. Utepe wa baiskeli ulikuwa mnene na mfupi, ulikuwa unaing'ang'ania mota tangu siku ya kwanza. Utulivu wote ule, mzee aliyeshiba, falsafa yote ya mwalimu, vilikuwa kazi ya kipande cha mpira.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kaka hakucheka.

"Mdogo wangu," akasema, "nikiwaambia, watakuwa walikuwa wanasikiliza nini muda wote huu?"

"Watakuwa walikuwa wanasikiliza baiskeli. Shika kaseti ujifunze, Jumamosi iko mlangoni."

Hakuishika. Jumatano hakuishika. Alhamisi jioni kikao kikakutana kwa dharura, na mwalimu akatoa karatasi aliyoiandika kwa mwandiko wa ubaoni. Ilikuwa barua kwa mwenye hoteli. Wao, wapenzi wa muziki huu wa siku nyingi, walimfahamisha kwa heshima kwamba kaseti yake ni ya kughushi, na kwamba ndugu yao ndiye pekee wilayani anayezipiga nyimbo hizo kwa mwendo wake wa asili. Kila mmoja aweke sahihi. Waliweka. Hata gadi aliweka. Kalamu ikafika kwa kaka, naye, aliyehesabu mara tatu kwa macho yake, akaisogeza kwenye karatasi.

Nilipowaza Jumamosi, watoto, na bwana wa ilani akisoma upuuzi ule huku akimwita mpiga gitaa mwingine, maji yakanifika shingoni.

"Kaka, waambie umehesabu ngapi."

"Sijahesabu kitu."

Basi nikawatolea uvivu. Niliingia katikati yao, nikaweka punje ya mchele juu ya santuri, nikaiwasha. Nikamgeukia gadi. "Mzee wangu, nakuomba uhesabu. Kwa saa yako."

Mwalimu alianza kusema muziki haupimwi kwa mchele. Gadi akainua mkono, mwalimu akanyamaza. Mzee alifungua saa yake, akaisogeza karibu na jicho, akahesabu dakika nzima kwa sauti, kidole kikigonga goti.

"Ishirini na tisa." Akaifuta saa kioo. "Nirudie." Akarudia. "Ishirini na tisa."

"Soma karatasi ya santuri," nikasema, "kisha muulizeni kaka mkanda ameutoa wapi."

Walimgeukia, naye akasema mwenyewe, mpira wa baiskeli, tangu mwanzo. Nilifurahi. Sitasema uongo, nilifurahi kama mtu aliyemwona mwizi wa kuku wake akikamatwa sokoni. Gadi aliifunga saa. "Mwanangu," alimwambia kaka, taratibu, "mimi nimewaandikia watu ripoti kwa kuchelewa dakika mbili." Akasimama. Mwalimu akaikunja barua ndogo ndogo, akaitia mfukoni. Walitoka mmoja mmoja, chai haijaguswa, na Jumapili iliyofuata hakuja mtu.

Kaka alilikaza gitaa nyuzi, akaifuata kaseti usiku ule na kesho yake yote. Jumamosi akapanda basi la Mikumi, na kazi akaipata. Watoto wote watano walisoma, wa mwisho wangu amemaliza chuo, na ukiniuliza kama nilifanya vizuri nitakujibu ndiyo kabla hujamaliza swali.

Nilikwenda kumwona mara moja, miezi michache baadaye, mchana. Watalii walikuwa wanatafuna kuku, wamevaa kofia za porini utadhani chui yuko chini ya meza. Kaka alikuwa pembeni na shati la maua alilopewa na tajiri, anaimba zile nyimbo mbio, sauti juu, anatabasamu. Hakukosea hata noti. Mwanamke mmoja alipiga makofi akiwa ameshika uma. Mimi nilisimama nyuma ya kibanda na nikajikuta nimekasirika. Kila alipofika mahali ambapo wimbo hutulia kidogo kabla ya kushuka, pale ambapo nyumbani nilikuwa nikisimamisha mguu kwenye pedeli ya cherehani nisiuharibu, yeye alikuwa ameshapita.

Ndipo nilipojua, nimebeba kikapu cha mihogo niliyomletea, kwamba niliujua kila mlio wa santuri ile. Nilipeleka chai polepole kwa makusudi. Nilisimama mlangoni na birika kwa sababu ndipo niliposikia vizuri. Nyani haoni kundule. Wale wanaume niliwadharau kwa kupenda kitu nilichokipenda mwenyewe, wao wakiwa hawaoni haya na mimi nikiwa naona.

Kaka alipokuja likizo alileta mkanda halisi kutoka Dar es Salaam, akaufunga, akanikabidhi gramafoni.

"Sasa inakwenda sawasawa," akasema.

"Ule wa zamani uko wapi?"

"Nimetupa. Ulikuwa na kazi gani?"

Niliisikiliza mara moja. Ni muziki mzuri. Siku ya pili nilikwenda kwa fundi baiskeli wa karibu na stesheni, nikanunua mpira wa ndani uliochakaa, nikaukata kwa mkasi wangu wa vitambaa. Wa kwanza ulikuwa mwembamba mno. Wa pili ulikaza mpaka sahani ikagoma. Nimekata mingi miaka yote tangu hapo, na solusheni imeniharibu vidole. Tatizo jingine lilikuwa saa ya ukutani, ambayo haiaminiki hata kwa kuchemshia mayai.

Jumapili iliyopita nikameza aibu, nikaenda kwa gadi. Tangu siku ile alikuwa akipita mlangoni kwangu, namwamkia, ananiitikia bila kusimama.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba."

"Nimekuja kukuomba uje na saa yako."

Alivaa kofia, akanifuata kwa mkongojo wake, akakaa kwenye kiti chake kile kile. Niliweka punje ya mchele, nikaiwasha gramafoni. Akafungua saa, akahesabu kwa sauti, sasa ni sauti ya mzee kabisa, kidole kikigonga goti. Nilikuwa nimeshikilia ukingo wa cherehani.

"Thelathini," akasema.

Aliifunga saa, akafumba macho, akasikiliza mistari miwili mitatu. Halafu yule mtu aliyewaandikia wenzake ripoti kwa dakika mbili akatikisa kichwa.

"Bado inawahi," akaniambia. "Icheleweshe kidogo."

Nikachukua mkasi.